Pimbi na Herufi ya Ishirini na Nane

Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Ya kuazima au ya kwenu?
Ya kwetu wenyewe!
Basi yategeni, ngano inapita.
Ipite tuione!

Hapo kale, kwenye mwamba mmoja mkavu, palikuwa na kisima kimoja, na kisima hicho kilikuwa na mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyekunywa kwanza, na ndiye aliyesema nani afuate. Desturi ya pale ilikuwa hivi: mgeni wa mbali ndiye anayemchagua mwenyeji, maana mgeni hana shemeji pale wa kumpendelea.

Miaka yote mwenyeji alikuwa Fisi. Wageni walimchagua kwa kuyaogopa meno yake. Fisi alikunywa glu, glu, glu, akaoga humo humo, akawaachia wenzake tope. Palikuwa na pimbi mmoja, jina lake Mashavu, mama wa watoto wanne. Midomo ya watoto ilipasuka kwa kiu, na yule kitinda mimba alikuwa halii tena, hana machozi ya kulilia.

Mwaka huo akatua korongo mzee kutoka Urusi, Bi Marfa. Fisi akamwonyesha meno. Bi Marfa akamwonyesha mbawa.

"Mimi sichagui kwa woga," alisema. "Nimekuja na herufi za kwetu, thelathini na tatu, ziko kwenye gome hili la mti. Atakayezitamka zote bila kukosea, huyo ndiye mwenyeji. Nafundisha kila asubuhi, bure. Anayetaka na aje."

Mashavu akaja wa kwanza, kila siku. Palikuwa na herufi iliyokaa kama mende aliyelala chali, nayo inasema zhhh. Akasema zhhh. Palikuwa na herufi ya kukwaruza koo, nayo inasema khhh. Akasema khhh. Palikuwa na herufi ya kutetemesha ulimi, rrrr. Akasema rrrr mpaka masharubu yakacheza. Halafu palikuwa na moja, nusu yake "i", nusu yake "u", inatoka kama umepigwa ngumi ya tumbo. Hiyo ilimtesa siku tano. Siku ya sita ikatoka! Mashavu akapanda juu ya mwamba akaitamkia dunia nzima, kifua mbele. Mwacheni aringe, jamani, alikuwa ameifanyia kazi.

Na Fisi je? Fisi alikuwa amelala, tumbo limejaa maji. Zilipobaki siku saba kufika siku ya kutamka, ndipo akashtuka. Pu! pu! pu! mpaka mlangoni kwa Mashavu.

"We kijitu! Nifundishe herufi zote, au watoto wako nawatafuna, huyo mdogo kwanza."

"Karibu, Mzee wangu," alisema Mashavu, akiwasogeza watoto nyuma yake. "Keti tuanze."

Akamfundisha, tena akamfundisha vizuri. Siku ya sita wakafika herufi ya ishirini na nane.

"Hii inasemaje?"

"Haina sauti, Mzee. Ukiifikia unafunga mdomo."

"Unanificha."

"Haina sauti, Mzee."

"Unanificha, nasema!"

"Wallahi, haina sauti. Na ile ya thelathini vilevile."

Fisi akacheka, heee-hihihi. "Sikiliza, mama watoto. Mimi nimevunja mifupa tangu sijaota meno yote. Kila mfupa una uboho ndani, na mfupa mgumu kuvunjika ndio wenye uboho mtamu. Herufi isiyo na sauti! Toa uboho huo, au namtoa mtoto!"

Mashavu akamtazama. Ukweli ameshampa mara tatu, naye Fisi ameutema mara tatu. Basi.

"Umenishinda, Mzee," alisema, akainamisha kichwa. "Nilitaka kubaki nayo peke yangu. Hiyo ndiyo yenye sauti kubwa kuliko zote. Ukiifikia, vuta pumzi mpaka mbavu zitanuke, kisha ngurumisha."

"Nilijua!" alisema Fisi, mate yakimdondoka. "Nilijua!"

Siku ikafika. Wanyama wote wakajaa kisimani. Fisi akaanza, na tuseme haki, alitamka. Zhhh yake safi. Rrrr yake safi. Mashavu mwenyewe aliona fahari kidogo, maana fisi ni fisi, lakini mwanafunzi ni wake. Ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba. Kisha Fisi akavuta pumzi, mbavu zikatanuka.

"GWAAAAAH!"

Ndege wakaruka. Kobe akaingia ndani. Bi Marfa akakunja gome.

"Umekosea," alisema. "Hiyo haina sauti."

"Mashavu kanidanganya!"

"Mzee," alisema Mashavu, "nilikwambia mara ngapi kwamba haina sauti?"

"Mara tatu! Lakini nani angeamini?"

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ikawa zamu ya Mashavu. Akasimama, mdogo hivi, akazitamka ishirini na saba. Alipofika ile, akafunga mdomo. Kimya. Na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza tangu kisima kiwe cha Fisi, wote wakasikia maji yanavyodondoka ndani: to... to... to...

Akamaliza zilizobaki. Bi Marfa akainamisha shingo yake ndefu. "Mwenyeji," alisema.

Mwenyeji hakunywa kwanza. Alimwita kitinda mimba wake, akamshika kisogo asitumbukie, mtoto huyo akanywa mpaka tumbo likawa kama ngoma. Fisi aliwekwa mwisho wa foleni, nyuma ya konokono, na mpaka leo anapayuka ovyo vichakani akiutafuta ule uboho.

Funzo lake, wanangu: msiseme uongo kamwe. Mkubwa akiwauliza, mwambieni ukweli mara tatu, kama Mashavu. Hiyo mara ya nne mimi sikuwepo, na nyinyi hamkunisikia.

Ngano imekunywa, imeshiba, imelala. Haya, wote pamoja, tamkeni herufi ya ishirini na nane!

...

Hongereni. Mmepata.