Kitabu cha Mlimani, Kitabu cha Bondeni

Niazimeni masikio, na baada ya masikio mniazime hukumu, maana yangu imenishinda.

Palikuwa na kanisa moja lenye makabila mawili, watu wa mlimani na watu wa bondeni. Mwokozi wao alikuwa mmoja. Vitabu vyao vya ubatizo vilikuwa viwili. Jina la mtoto liliandikwa katika kitabu cha kabila la yule aliyemshika mkono mbele ya maji, na kitabu hicho ndicho kilichoamua aoe au aolewe wapi na azikwe na nani.

Kanisani humo walikuwamo watatu wenye vipawa. Sefania wa mlimani alikuwa na sauti: alipoanzisha wimbo, wagonjwa waliketi vitandani. Damari wa bondeni alikuwa na maziwa: mwanawe alishiba, nayo yakabaki. Yeremia, mwalimu wa katekisimu aliyetoka nchi ya mbali, alikuwa na ukweli: neno lake halikuhitaji shahidi.

Asubuhi ya Pentekoste, Sefania alikataa kuanzisha wimbo kwa lugha ya bondeni. "Hiyo ni lugha ya kuitia mbuzi," alisema mbele ya madhabahu. Ngumi zikaruka. Yeremia akafunga mlango wa pembeni ili wenye mapanga wasiingie. Nje, mume wa Damari akaliwasha paa la nyasi. Miongoni mwa waliokufa wakiugonga mlango ule uliofungwa walikuwamo mtu na mkewe, wageni wa sikukuu, ambao hakuna aliyejua kabila lao. Walimwacha mtoto mchanga chini ya benchi.

Sefania alirudi motoni, akamtoa mtoto yu hai. Moshi ulimla sauti. Tangu siku hiyo hunong'ona.

Damari alimpa titi. Mama mkwe wake akasimama mlangoni. "Wajuaje kwamba si wa mlimani huyo? Mtupe, au tunamchukua wetu." Damari hakumtupa. Wakamchukua mwanawe, wakamlisha uji, akafa kabla ya mavuno. Mama hakuitwa mazikoni.

Yeremia aliapa. Vijana wa pande zote mbili walikuja na mapanga, kila upande ukitaka kumkata mtoto akiwa wa upande wa pili. Aliweka mkono juu ya Biblia. "Ni wangu. Nilimzaa nje ya ndoa." Walimwamini, kwa kuwa hakuwahi kusema uongo. Mkewe alifunga mizigo, kanisa likamnyima Yeremia Meza ya Bwana. Amani iliporudi aliungama ukweli, na hakuna aliyemsadiki tena.

Leo mtoto ana miaka saba. Amelelewa na nyumba tatu, na hana jina. Wazee wa kanisa wameamuru: mmoja tu amshike mkono, na wawili watakaobaki wasimwamkie hata njiani. Akishikwa na Sefania, ni wa mlimani. Akishikwa na Damari, ni wa bondeni. Akishikwa na Yeremia, hana kitabu, na hapana atakayemzika.

"Mimi nilimtoa," Sefania alinong'ona mbele ya beseni la ubatizo.

"Ulimtoa katika moto wa mdomo wako!" Damari alimjibu.

"Na kiberiti, mama, kilitoka nyumba ya nani?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Yeremia. "Na ule mlango, mwalimu?"

"Niliufunga mimi," alisema Yeremia.

Hilo walilisadiki.

Mtoto alinyoosha mikono yake yote. "Ninayo miwili tu," alisema. "Nimwache nani?"

"Hata huo wa pili ni wa ziada," alijibu mzee wa kanisa, akachovya kalamu.

Maji yamo katika beseni. Wino unakauka nchani. Je, wewe uliyesikia yote haya, ungeutia mkono ule katika mkono wa nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia nini wakiondoka?