Ufunguo wa Bi Namsifu

Sogeeni karibu. Nina fumbo lenye magurudumu manne. Mimi nitaliendesha, kulisimamisha ni kazi yenu.

Bi Namsifu wa Upareni alikuwa na watoto watatu. Eliewaha, kifungua mimba, hakusahau kitu alichowahi kukiona. Nakundwa alikuwa na masikio: injini ikinguruma, alijua inaumwa wapi. Chediel, kitinda mimba, alikuwa na mikono: bati lililokunjamana lilimtii.

Bi Namsifu mwenyewe alikuwa kipofu, na pindoni mwa khanga yake alifunga ufunguo. Miaka ishirini na miwili nyuma, mumewe aliuza Landrova yake kuukuu ili mkewe atibiwe macho. Tiba haikufua dafu. Ufunguo wa akiba mzee aliubakiza, na kabla ya kufariki alimwambia mkewe, "Atakayelirudisha gari nyumbani, mpe huu. Liwe lake."

Eliewaha alikumbuka namba za gari. Aliulizia mnada kwa mnada, akalikuta Simanjiro kwa mfugaji mmoja, limegeuka banda la kuku. Bei walielewana, kikwazo kikawa kuku.

"Na hawa watalala wapi?" mfugaji aliuliza.

Eliewaha akavua shati, akawajengea banda siku tatu. Siku ya nne gari likavutwa kwa trekta.

Nakundwa alilipokea gerejini kwake, Same. Injini ilikuwa imekwama kabisa. Miezi minane aliifungua, akaiosha kwa mafuta ya taa, akasaka vipuri kimoja kimoja. Ilipowaka kwa ulaini, alikunja uso. "Hii si sauti ya gari la baba." Akairudia mpaka ikakohoa mara mbili kama zamani, ndipo ikanguruma.

Chediel alinyoosha bodi. Alikwangua kutu, akagonga mabonde yote, akapaka kijani kile kile cha zamani. Ila kwenye mlango wa dereva aliacha bonde moja, pana kama kisahani.

"We mdogo wangu, hapa ulisinzia?" Nakundwa alimtania.

"Sikusinzia, dada. Ngoja tufike kwa mama."

Bi Namsifu alikuwa akichambua maharage kwa vidole aliposikia kikohozi kile. Moyo ulimruka, lakini akajizuia.

"Magari yanayokohoa ni mengi, wanangu. Msinibembeleze kwa gari la watu."

Wakamshika mkono. Kiganja kikateleza juu ya bati, kikafika mlangoni, kikatumbukia bondeni.

"Huu ni mchi wangu," alisema.

Siku ya kuuzwa gari aliupiga mlango ule kwa mchi, akilia, "Bora nipofuke, gari lisitoke!" Chediel, wakati huo wa miaka mitano, alikuwa nyuma ya kinu akitazama.

"Baba yenu hakunisikia," alisema Bi Namsifu, akicheka na kulia. Akafungua pindo.

"Bila mimi, mama, kuku wangekuwa humo hadi leo," alisema Eliewaha.

"Na bila mimi, kaka, ungelisukuma mpaka lini?" alijibu Nakundwa.

"Na bila bonde," Chediel alisema taratibu, "mama angesema si letu."

Bi Namsifu alipapasa viganja vitatu vilivyokingwa mbele yake: kimoja kina kovu la msumari, kimoja kinanuka oili, kimoja kimekauka rangi kuchani. Vyote alivijua tangu vikiwa vidogo. Lakini marehemu alitaja mtu mmoja, na neno la marehemu halipinduliwi.

Mkono wake wenye ufunguo bado umefumba. Je, wewe ungeufumbua juu ya kiganja cha nani?