Kundi la Wapiga Filimbi

Mwanamke mmoja alikuwa na filimbi, na filimbi hiyo ilikuwa na kamba ya urefu wa futi tatu kamili. Jina lake Atuganile, mwalimu wa shule ya msingi na mwamuzi wa mpira wa pete kwa miaka kumi na tisa. Kamba ile hakuivaa kwa urembo. Katika mchezo huo mlinzi amekatazwa kumkaribia mfungaji chini ya futi tatu, na viwanja vyao vilikuwa vya vumbi, mistari imechorwa kwa majivu. Basi mechi ikiisha, kama moyo ulimsuta, Atuganile aliinama akapima alama za viatu kwa kamba yake. Hakuna aliyemtuma. Alitaka kujua kama alikuwa amesema kweli.

Kazi ya mwamuzi ni ya upweke. Ukipatia, hakuna anayekukumbuka. Ukikosea, hata muuza karanga anakujua kwa jina. Atuganile aliwaona wenzake wametawanyika katika wilaya tatu, kila mmoja akitafuna kosa lake peke yake, akaanzisha kundi kwenye simu. Walianza watu kumi na wanne, wote wenye filimbi. Desturi yao ilikuwa moja. Anayeleta jambo huanza na kosa lake mwenyewe, na kabla ya kusema alichokiona husema alikuwa amesimama wapi. Asiposema, wenzake humuuliza, kwa maana kila mwamuzi anajua kwamba ukisimama mgongoni kwa mlinzi huwezi kuziona futi tatu, hata uwe na macho ya mwewe. Na yaliyosemwa mle hayakutoka nje.

Lilikuwa kundi jema, tena halikuwa na makelele. Mtu aliandika kwamba jana alisimama kwenye kona, akachelewa, akawanyima watu penalti. Wenzake walimwonyesha namna ya kuuwahi mstari wa nyuma ya goli, na mechi iliyofuata aliuwahi. Wasichana wa wilaya tatu wakawa wanachezeshwa kwa haki, wala hawakujua haki ile ilikuwa inapikwa wapi.

Kisha akaingia Gwamaka. Huyu naye alikuwa mwamuzi, ila mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake. Hakuleta kosa lake hata moja. Alileta picha za makosa ya wengine, amezikatakata pale penye aibu, na chini yake ameweka vikatuni vya kucheka. Nyani haoni kundule. Mara ya kwanza mwenzao mmoja alimuuliza alikuwa amesimama wapi alipoyaona hayo, naye akajibu kwamba alikuwa amelala kwenye kochi. Watu wakacheka. Hapo ndipo mlango ulipovunjika, maana kicheko kina wateja wengi kuliko ukweli. Wakaomba kuingia makocha, wakaomba mashabiki, wakaomba na wauza jezi, watu ambao hawajawahi kutia filimbi mdomoni tangu wazaliwe.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Atuganile, yeye peke yake. Akawaingiza wote. Msimwonee huruma hapa, kwa sababu hakulazimishwa. Siku moja kwenye mkutano wa michezo alitambulishwa kuwa mama wa kundi la watu mia tatu, akasimama, akapigiwa makofi, na makofi yale yakamkolea. Tangu siku hiyo akawa anahesabu watu, wala hapimi tena.

Alikuwapo msichana ambaye Atuganile alimfundisha uamuzi yeye mwenyewe, Subilaga. Alimkatia kamba kwa kuilinganisha na yake. Mwaka ule Subilaga alichezesha fainali ya kata mbili zenye uhasama wa siku nyingi. Timu zilikuwa sawasawa na dakika ilikuwa ya mwisho. Mfungaji akarusha, mkono wa mlinzi ukiwa umemziba uso, akakosa. Filimbi haikulia. Mpira ukakimbizwa upande wa pili, likafungwa goli moja, mechi ikaisha. Watu walipotawanyika Subilaga alirudi pale. Alama za viatu zilikuwa bado zipo kwenye vumbi. Akapima, na kamba ikazidi kwa upana wa kiganja. Akakaa chini palepale, akaandika kwenye kundi: nilisimama nyuma ya mlinzi badala ya kusimama kwenye mstari wa goli, nimepima, hazikufika futi tatu, nimewanyima watu penalti yao, naomba mnifundishe nisirudie.

Hakuna aliyemfundisha. Gwamaka alicheka wa kwanza, wakafuata thelathini. Kabla chungu cha ugali hakijachemka, maneno yale yalikuwa yamepigwa picha na kupelekwa kwenye kata iliyofungwa. Kesho yake waliyabandika kwenye nguzo ya goli, wakayasoma kwa sauti kila Subilaga aliposhika filimbi, mpaka akashindwa kuipuliza. Wakubwa wa ligi wakamsimamisha ili watu watulie. Sikieni vizuri. Wale waliokosea wakanyamaza, wote walibaki na filimbi zao. Aliyepima na kusema kweli ndiye aliyevuliwa!

Na Atuganile alikuwa wapi? Alikuwa ofisini kwa walimu, anasahihisha madaftari, simu ipo mezani. Aliuona ujumbe. Alikiona kicheko cha kwanza, akakiona cha kumi. Kidole kimoja kingetosha kuwatoa. Akafikiri juu ya wale mia tatu, akafikiri wangapi wataondoka kwa hasira, akaandika: "Poleni wote, tupendane." Akaweka na mikono miwili iliyokunjwa kwa sala. Pole moja kwa waliouma na aliyeumwa! Heri angenyamaza.

Baada ya hapo kundi likapendeza sana. Asubuhi zilijaa baraka, jioni zilijaa hongera. Hakuna mwamuzi aliyekosea tena, ukisoma mle ndani. Lakini viwanjani walinzi walikwisha kujua kwamba futi tatu hazina mwenyewe, wakawa wanawaingilia wafungaji mpaka puani. Msimu uliofuata haujafika katikati, msichana mmoja alichomwa kidole cha jicho akirusha mpira, akapelekwa hospitali damu ikimtiririka shavuni. Mwamuzi wa upande ule alikuwa Atuganile. Alikuwa amesimama mgongoni kwa mlinzi.

Alipima. Hilo bado alilijua. Kamba ilizidi kwa upana wa viganja viwili. Akatoa simu aandike kama walivyoandika wale kumi na wanne wa mwanzo, na vidole vikagoma. Aliona nguzo ya goli iliyobandikwa karatasi. Aliona vile vikatuni. Akaandika maneno mawili akayafuta, akaandika tena akafuta, mwishowe akatuma kwamba mechi imemalizika salama. Hongera arobaini zikamwagika. Mficha uchi hazai, wazee walisema, naye sasa alikuwa amejenga nyumba ambayo yeye mwenyewe aliogopa kuvua nguo ndani yake. Hasira ikampanda, na kwa mara ya kwanza ilikuwa hasira juu yake yeye.

Jumamosi alikwenda kwenye mashamba ya chai alikokuwa anachuma Subilaga. Alimkuta na kikapu mgongoni. Akamweleza kwamba atamwombea kwa wakubwa arudi, kwamba Gwamaka atatolewa, kwamba desturi ya zamani itarudishwa. Alisema mengi, na kwa haraka. Subilaga alikuwa amemwamkia kwa heshima na hakumkatiza. Aliposikia amemaliza, alitua kikapu chini.

"Mwalimu," akasema, "siku ile waliponicheka, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Atuganile alizipanga sababu zake. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha, alikuwa na watu mia tatu wa kuwatunza, alikuwa na jina. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa mahali pa kusimama. Subilaga akakivaa kikapu chake akarudi kwenye mstari wake wa chai.

Njiani Atuganile aliketi kando ya barabara, akaandika. Nilisimama mgongoni kwa mlinzi, na mtoto wa watu ameumia jicho. Na siku ya Subilaga nilisimama humu ndani, ufunguo nikiwa nao, nikatazama. Akatuma. Kicheko cha kwanza kilikuja upesi, na cha Gwamaka kilikuwa cha pili. Akawatoa wote wawili. Akaja wa tatu, akamtoa. Akaendelea hivyo mpaka kidole kikamuuma. Waliomtukana aliwatoa, na waliomwomba asiharibu kundi kubwa aliwatoa pia. Mwisho akawatoa na wote wasio na filimbi, wakabaki tisa. Kisha mmoja wa wale tisa, mwamuzi mzee wa kijiji cha mbali ambaye hakuwa ameandika neno tangu mwaka jana, akaandika: "Mimi nami, juzi, nilisimama kwenye kona." Subilaga hakuwamo. Hajarudi mpaka leo, na kamba yake imefungia kuni.

Watu husema Atuganile alibomoa kundi kubwa kuliko yote mkoani kwa hasira ya siku moja. Waacheni waseme. Nanyi mliokaa hapa, mna makundi yenu, ya ukoo, ya kwaya, ya kazini, na mnajisifu nayo. Msiniambie mko wangapi. Niambieni ni nani kati yenu aliyesema wiki hii kwamba amekosea, na mlimfanya nini?