Tembo Lililochachia Jumbani mwa Sultani

Hapo zamani, katika mji wenye minazi mingi na busara chache, alitawala Sultani Mwinyikondo, ambaye walevi walimtungia wimbo kuhusu tumbo lake. Sultani akaghadhibika, akatoa amri: "Tembo tamu la mnazi liuzwe. Ama tembo kali, nyumba yoyote itakayokutwa nalo ibomolewe hata msingi." Mvinyo wake wa ng'ambo ukaandikwa kuwa ni dawa ya kifua, na kifua kile, maskini, kiliuma kila siku.

Basi alikuwako Faki, mgema fukara, ambaye mali yake yote ilikuwa kibanda cha makuti, na ndani yake mke aliyekaribia kujifungua. Faki aligema alfajiri, tembo likiwa tamu. Lakini tembo halingoji amri ya mtu. Jua likipanda, huchacha lenyewe. Askari nao walikuja adhuhuri, wakaonja, wakabomoa, ikawa nusu ya wagema hawana pa kulala. Zamu ya Faki ilipofika, akalia kwamba tembo huchacha lenyewe, akapelekwa barazani kwa Sultani, roho mkononi.

Sultani akasema, "Ewe mgema, kesho asubuhi niletee tembo litakalobaki tamu hata alasiri. Ukishindwa, kibanda chako chini."

"Nimesikia na nimetii, Seyyidi yangu. Ila naomba likae humu jumbani, na ufunguo uwe mkononi mwako, wasije watu wakasema nimelitia kitu."

Sultani akapendezwa kuaminiwa hivyo. Kulipokucha Faki akaleta kibuyu. Waziri akaonja, akashuhudia kuwa ni tamu, kikafungiwa chumbani mwa Sultani mwenyewe.

Alasiri chumba kikafunguliwa. Povu limetapakaa juu ya zulia, na harufu imefika hata ukumbini. Waziri akaonja vikombe vinne ili asimdhulumu mtu, akasema kwa ulimi mzito, "Kali, Seyyidi. Kali kabisa."

"Bomoeni!" akanguruma Sultani.

Basi Faki akampokonya askari sururu, akaupiga ukuta wa jumba. Chokaa ikamwagika, wake wa Sultani wakapiga mayowe madirishani.

"Una wazimu wewe?"

"Natii amri, Seyyidi yangu. Tembo kali limekutwa katika nyumba hii, na ufunguo unao wewe."

"Lakini liliingia tamu!"

"Na kwetu huingia tamu vilevile," akasema Faki, akapiga tena. "Nani alituuliza?"

Sultani akamgeukia Waziri kutafuta nusura. Waziri akasema amri haikubagua jumba wala kibanda, kisha akaomba kikombe cha tano apate yakini. Faki akapiga mara ya tatu, jiwe likaanguka miguuni pa Sultani.

"Nimeifuta! Nimeifuta amri!"

Jioni mpiga mbiu akazunguka akitangaza kwamba kwa huruma yake Sultani ameifuta amri, na nyumba zote zilizobomolewa atazijenga upya. Alipopita kwa Faki, mgema akatoa kichwa mlangoni.

"Tangaza yote, ndugu yangu," akamwambia. "Waambie huruma ilikuja pigo la tatu."