Malkia Abishaye Hodi

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana ngano hii haipendi kelele.

Palikuwa na liwali aliyetundika ukutani picha ya rangi za mafuta, ya malkia wa Uzunguni wa karne ya kumi na sita. Kola yake ya marinda ilikuwa pana kama sinia la pilau, na kichwa kimekaa juu yake kama mnofu wa bwana harusi. Bishara, mfuta vumbi wa jumba lile, alionywa na bibi mpishi: "Akibisha hodi, mwanangu, usimkaribishe. Atashuka yeye, utapanda wewe."

Siku ya kwanza, mchana kweupe, sauti baridi ikatoka ukutani: "Hodi!" Bishara akanyamaza. Siku ya pili: "Hodi!" Akauma ulimi. Siku ya tatu: "Hodi!" Akajiziba mdomo kwa kitambaa cha vumbi, akapiga chafya, lakini hakujibu.

Mara mlangoni: "Hodi wenyewe!" Ni Makame, mumewe, kaja kumchukua.

"Karibu! Karibu ndani!" Bishara akalipuka kwa furaha.

Kwao mke hataji jina la mume. Basi karibu ile ikatoka haina mwenyewe, na malkia akaidaka.

Makame akapishana mlangoni na bibi mwenye kola pana, ananuka rangi.

"Shikamoo, bibi," akaamkia, mtu wa adabu.

"Marahaba," bibi akajibu, akajiendea zake mjini.

"Mke wangu, uko wapi?"

Bishara alikuwa ndani ya fremu, mdomo wazi, anamchekea. Makame akamgusa shavu. Rangi ilikuwa mbichi, tena ya vuguvugu.

Ngano yangu imegota ukutani. Haina pa kupita.