Mahameli Iliyokatwa Kinyume

Hakuna sauti iliyomuudhi Mama Harusi kama mngurumo wa cherehani ya mdogo wake. Maduka yao mawili yalitazamana, njia nyembamba ikipita katikati, na kila mara mashine ile ya ng'ambo ya njia ilipoanza kunguruma asubuhi, yeye alihisi inamshona moyo kwa sindano butu. Si kwamba alimchukia mwenzake. Walizaliwa tumbo moja, wakalala kitanda kimoja, wakafundishwa kushona na mama mmoja. Hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Kumwonea gere mtu baki ni mzigo. Kumwonea gere ndugu yako ni mzigo juu ya mzigo, maana huwezi hata kumsengenya ukastarehe.

Walipokuwa wasichana waliapa kwamba watashona magauni ya harusi na si kitu kingine. Yeye alikishika kiapo, watu wakampa jina la Mama Harusi, naye akalipokea kwa mikono miwili. Mdogo wake hakufika mbali. Aliugua, na alipopona, ncha za vidole vyake vya mkono wa kulia zilibaki na ganzi. Ushanga ukimponyoka hajui. Alilia mpaka macho yakavimba, kisha akaanza kushona sare za shule. Kiwanda kilipozichukua sare, akageukia mikoba. Wateja walipochoka na mikoba, akaingia kwenye mapazia. Kila mwaka mpya ulipoanza alifunga duka siku nzima, akakaa peke yake na kujiuliza anataka nini sasa, na mikono yake inaweza nini sasa.

"Kinyonga wewe," dada yake alimtania. "Leo kijani, kesho kahawia. Mtu mzima huwa na neno moja."

"Kinyonga naye hufika anakokwenda, dada," mdogo wake alijibu, akaendelea na kazi.

Zamani utani huo ulimchekesha Mama Harusi. Siku hizi haukumchekesha, kwa sababu maharusi walikuwa wakikodi magauni yaliyoshonwa tayari, na duka lake lilikuwa limepoa kama jiko la jana. Alikaa mbele ya gauni moja ambalo hakuna aliyeliagiza, akatunga shanga, akafumua, akatunga tena. Asubuhi nyingine alishindwa hata kuondoa kifuniko cha cherehani. Hamu ya kazi ilikuwa ikimwisha, na alichokihofia kuliko vyote ni kwamba ikishakwisha haitarudi. Basi badala ya kushona, alichungulia. Yule kaingia kwa mdogo wangu. Katoka anacheka. Anacheka nini? Pazia ni kitu gani, kama si kitambaa kilichopindwa juu na chini?

Siku moja msimamizi wa ukumbi wa maonyesho alisimama njiani, katikati ya maduka yale mawili. Mama Harusi alijiweka sawa na kuandaa tabasamu. Yule bwana akageukia upande wa pili. Alitaka pazia kubwa la jukwaani, la mahameli nyekundu, nalo lazima liwe limetundikwa kabla ya Jumamosi, siku ya kufungua ukumbi. Tabasamu la Mama Harusi likafutika. Mahameli! Kitambaa cha mafundi, anapewa mtu asiyehisi hata ushanga!

Jioni mdogo wake alivuka njia.

"Shikamoo, dada. Kazi imenizidi kimo. Nusu ya vipande ukate na kuunga wewe, nusu mimi, na sifa iwe yetu sote."

"Unanionea huruma?"

"Huruma ya nini tena? Nakuomba msaada."

Alikubali, lakini si kwa moyo mweupe. Alikubali ili amwoneshe fundi ni nani. Kulipokucha alitandaza sehemu yake ya kitambaa mezani, jicho moja kwenye mkasi na jingine dirishani kwa mdogo wake. Kila fundi anajua kwamba mahameli ina manyoya mafupi yanayolala upande mmoja. Kabla hujakata, unapitisha kiganja uone yanalalia wapi, kisha unachora mshale wa chaki kwenye kila kipande, maana manyoya yakigeuzwa, rangi nayo huonekana nyingine. Mama yao aliwafundisha hivyo tangu wangali wadogo. Ng'ambo, mdogo wake alikuwa akikiinua kitambaa na kukisugua shavuni, kwa kuwa vidole havikumsaidia. Mama Harusi alimcheka kimoyomoyo, wala hakupitisha kiganja. Hakutaka kupitwa na mtu mwenye ganzi.

Alimaliza wa kwanza. Furaha yake ilidumu hadi Alhamisi, walipotundika nusu zote mbili ukumbini. Nusu ya mdogo wake ilikuwa nyekundu iliyoiva, na nusu yake ilikuwa imepauka na kumeta, kana kwamba ilifuliwa mara mia.

"Rangi mbili!" msimamizi alimaka. Akautazama mkono wa kulia wa mdogo mtu. "Niliambiwa una shida ya vidole. Ndiyo haya?"

Mdogo wake alilisogelea pazia, akaliwekea shavu upande huu, kisha upande ule. Alielewa. Alimtazama dada yake mara moja, akainamisha uso.

Mama Harusi naye alikuwa ameshaelewa. Angenyamaza tu, lawama ingemwangukia mwingine, na ile mashine ya ng'ambo ingetulia. Mbona alikuwa ameliombea hilo miezi yote hii! Lakini wivu ulipopewa ulichokitaka, hakuuona utamu wake. Aliona shavu la mdogo wake lililoshikwa na vumbi jekundu la mahameli, akapiga hatua mbele.

"Ni mimi niliyekata kinyume," alisema. "Sikupitisha kiganja."

"Basi kateni upya!"

"Nyekundu hii imekwisha dukani," mdogo wake alisema. "Na vipande hivi ni vyembamba juu, vipana chini. Havigeuziki."

Msimamizi aliondoka akisema mpaka Ijumaa jioni, la sivyo angeazima pazia kwingine. Mama Harusi alikaa kwenye ngazi za jukwaa, akalia bila kujificha.

"Nafunga duka. Magauni hayatakiwi, na pazia limenishinda."

"Dada, ulikuwa unataka pazia la rangi moja?"

"Sasa ningetaka la namna gani?"

"Hilo halipo tena. Mimi vidole vilipokufa nililia kama wewe, kwa sababu niliendelea kutaka kile kile. Siku nilipojiuliza nataka nini kwa mikono hii niliyonayo, ndipo hamu ilirudi. Sasa wewe, kwa vipande hivi vilivyopo, unataka nini?"

Mama Harusi alijifuta uso. Alitaka kujibu kwa ukali, kama kawaida yake. Badala yake alilitazama pazia, safari hii kama fundi. Kulikuwa na vipande vilivyoiva na vipande vilivyometa, na idadi yake ilikuwa sawa.

"Fumua," alisema, akainuka. "Fumua vyote. Tuunge kimoja chako, kimoja changu, mpaka mwisho."

Walifumua na kuunga upya, wakapokezana mkasi. Ijumaa jioni pazia lilipanda likiwa na mistari mipana, mmoja uliokoza, mmoja unaometa, na taa zilipoliangukia msimamizi alipiga makofi.

"Hivi ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo!" alisema, na akina dada wakajiuma midomo wasicheke.

"Nani kabuni?" msimamizi aliuliza.

"Dada yangu," mdogo wake alijibu.

Siku ya ufunguzi watu walimzunguka mdogo mtu kumpongeza, kwa kuwa yeye ndiye waliyemzoea, na kijicho kikamfinya Mama Harusi tena pale pale panapomuuma. Hakikuwa kimekufa. Lakini mama mmoja alimgeukia akamuuliza, "Wewe si yule wa magauni ya harusi tu?"

"Mwaka huu nashona mapazia ya jukwaani," alijibu. "Mwakani nitajiuliza tena."

Alipojisikia akisema hivyo, mikono ilimwasha kwa hamu ya kazi, hamu aliyodhani amekwisha kuizika. Kumbe walionena hawakukosea: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.