Ahadi Tatu za Zawena

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya majini, maana hospitali ilikwishapata mashine ya kuchora mapigo ya moyo, palikuwa na Zawena, mke wa Shehoza. Alitamani mtoto kuliko kitu chochote. Lakini moyo wake ulikuwa ukienda, ukisita, ukikimbia, ukisita tena, naye akidhani ni kijicho cha majirani.

Siku ya harusi ya wifi yake, mpiga ngoma Bi Mwanakheri alimshika mkono amwingize uwanjani. Akaushika, asiuachie. Akamwambia kuwa mapigo yake yanaruka, na hilo si la mganga. Zawena akaanza visingizio. Bi Mwanakheri akaitua ngoma, akaacha harusi imenuna, akampeleka hospitali mwenyewe.

Njiani Zawena akasema, "Bi Mwanakheri, nikijaliwa binti, somo wake ni wewe; ataitwa jina lako."

Hospitali akapokewa na Daktari Nakiete, aliyetumia ujana wake kuitafiti dawa moja ya mapigo, hata ndugu zake wakamtania kwamba ameolewa na mioyo ya watu. Zawena akaimeza, moyo ukatulia. Daktari akamruhusu kubeba mimba, na mimba ikaingia. Kwa furaha Zawena akamwahidi daktari yaleyale. Ulimi hauna mfupa!

Kisha, kwenye benchi la kliniki, akakaa karibu na Bi Mashavu, mama mcheshi aliyekuwamo katika utafiti ule. Wagonjwa waligawanywa: hawa dawa, wale vidonge vitupu vinavyofanana nayo, ili matokeo yalinganishwe. Hakuna aliyejua kapata kipi, hata daktari. Bi Mashavu alielezwa hayo, akakubali. Moyo ulimpeleka mbio mpaka akawa hafui wala hapiki, lakini kliniki hakukosa. Utafiti ulipokwisha ndipo akaambiwa alikuwa akimeza vitupu, akacheka mpaka akashika mbavu, akapewa dawa yenyewe. Zawena akamkumbatia, akalia. Na akaahidi tena, jamani.

Akazaliwa binti, mzima kabisa. Siku ya saba mbuzi akachinjwa, pilau ikanukia mtaa mzima. Wakaingia wageni watatu, kila mmoja na khanga mpya, kila mmoja akimwita mtoto kwa jina lake mwenyewe. Shehoza akakimbilia jikoni kuangalia pilau isiyomhusu.

Desturi ya kwao ni jina moja, somo mmoja, naye ndiye atakayemfunda binti akivunja ungo. Hagawanywi.

Bi Mwanakheri akasema, "Mkono wangu usingemshika, dawa ingebaki kabatini."

Wanawake wakapiga vigelegele.

Daktari Nakiete akasema, "Na angefika akakuta kabati tupu? Kuujua ugonjwa si kuutibu."

Vigelegele tena.

Bi Mashavu akasema taratibu, "Dawa isiyolinganishwa na kitu, nani angejua kuwa inatibu? Ninyi mlitoa kazi zenu. Mimi nilitoa moyo wangu."

Hapo vigelegele vikachanganyika na machozi. Zawena aliwapenda wote watatu. Mama mkwe akampakata mtoto, akamwinamia Zawena: "Haya mwanangu, nimwiteje?"

Zawena akafumbua kinywa.

Enyi mnaonisikiliza, msile pilau ya watu bure. Je, nani alistahili kuwa somo?